Philippe Gaucher: Daktari aliyeuona ugonjwa asioujua

Mwaka 1882 daktari kijana wa Paris alieleza ugonjwa alioudhani kuwa ni saratani. Alikosea, lakini ugonjwa huo ulipewa jina lake, na zaidi ya karne moja baadaye ikapatikana dawa yake ya kumeza. Kuanzia Johannesburg hadi pwani ya Afrika Mashariki, swali linalobaki ni nani atakayetambuliwa mapema kuwa anaihitaji.

Mjini Johannesburg, Afrika Kusini, jina Gaucher, ambalo hutamkwa goshe, ni jina la ugonjwa kabla ya kuwa jina la mtu. Ni ugonjwa wa kurithi, tena wa nadra. Mwili wa mgonjwa hushindwa kuvunja aina moja ya mafuta, na mafuta hayo hujilimbikiza katika bandama, ini na uboho wa mifupa. Wanasayansi wa mji huo wameuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi, miongoni mwa Wayahudi na miongoni mwa Waafrika weusi.

Mwenye jina hilo alikuwa Mfaransa, Philippe Charles Ernest Gaucher, aliyefariki dunia mwaka 1918. Katika uhai wake alisifika kwa jambo jingine kabisa. Alikuwa profesa wa magonjwa ya ngozi na kaswende, mrithi wa kiti cha mmoja wa madaktari mashuhuri zaidi wa Ufaransa. Ugonjwa uliolihifadhi jina lake aliushughulikia akiwa bado kijana, katika tasnifu ya kumalizia masomo.

Maisha ya daktari huyo yanawahusu watu wa Afrika Mashariki kwa sababu iliyo wazi. Kilichomshangaza mwaka 1882 kilikuwa ni bandama lililovimba, ambalo wengine huliita wengu. Na bandama lililovimba ni jambo ambalo daktari wa Kisumu, Mwanza au Gulu hukutana nalo mara kwa mara.

Kijana wa Nièvre

Gaucher alizaliwa tarehe 26 Julai 1854 katika jimbo la Nièvre, katikati ya Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 16 wakati nchi yake iliposhindwa katika vita na Prussia, vita vilivyouangusha utawala wa Napoleon wa Tatu. Kama vijana wengi wa mikoani waliotaka kuwa matabibu, njia yake ilimfikisha Paris.

Paris ya wakati huo ilikuwa na desturi yake ya kufundisha udaktari. Mwanafunzi hakukaa darasani tu. Alipita kitandani kwa mgonjwa, akampapasa tumbo, akamsikiliza kifua, akaandika. Mgonjwa alipofariki dunia, mwili wake ulipasuliwa ili kulinganisha yaliyoonwa kwa nje na yaliyokuwa ndani. Baada ya hapo kipande cha kiungo kilichoharibika kiliwekwa chini ya darubini.

Ilikuwa miaka ya mabadiliko makubwa. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alikiona kijidudu cha malaria katika damu ya askari huko Algeria. Mwaka 1881 Louis Pasteur aliionyesha hadharani chanjo yake ya kimeta. Mwezi Machi mwaka 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Ilionekana kana kwamba kila ugonjwa ungepata mdudu wake, na kwamba kazi ya daktari ilikuwa ni kumtafuta.

Katika mwaka huohuo wa 1882 Gaucher aliiwasilisha tasnifu yake. Haikuwa na mdudu yeyote. Ilimhusu mwanamke mmoja tu.

Bandama lisilo na maelezo

Mwanamke huyo alikuwa na umri wa miaka 32. Jina lake halikuingia katika historia ya tiba. Kilichoingia ni bandama lake, ambalo lilikuwa limevimba kupita kiasi.

Bandama ni kiungo kilicho upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu. Kazi yake mojawapo ni kuzichuja chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Kwa mtu mzima mwenye afya halizidi sana ukubwa wa ngumi, na daktari akipapasa tumbo kwa kawaida halifikii. Linapovimba huteremka chini ya mbavu, na linaweza kuvuka kitovu.

Gaucher alizijua sababu za kawaida za uvimbe wa namna hiyo. Malaria ilijulikana sana kwa kulivimbisha bandama. Saratani ya damu nayo ilikuwa imekwisha kuelezwa tangu miaka ya 1840. Lakini damu ya mgonjwa huyu haikuwa na dalili za saratani ya damu, na Gaucher aliona jambo hilo kuwa zito kiasi cha kulitaja katika kichwa cha tasnifu yake.

Alipolichunguza bandama hilo kwa darubini, alikuta limejaa seli kubwa zisizo za kawaida. Leo seli hizo zinafahamika vizuri. Ni seli za kinga zilizobebeshwa mafuta zisizoweza kuyavunja, na ukizitazama zinafanana na karatasi nyembamba iliyokunjwakunjwa. Lakini mwaka 1882 hapakuwa na njia ya kujua hayo. Kijana huyo aliona seli kubwa zilizozagaa mahali pasipo pake, akaamua kwamba ni saratani iliyoanzia katika bandama lenyewe.

Hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa na kosa. Sehemu iliyobaki ilikuwa sahihi: bandama kubwa lisilotokana na saratani ya damu, na seli za aina yake ndani yake. Waliokuja baadaye waliweza kuitupa tafsiri yake na bado wakautambua ugonjwa kutokana na maelezo yake.

Profesa wa Saint-Louis

Baada ya kupata shahada, Gaucher alishika nafasi ya uongozi wa kliniki katika hospitali ya Necker, ambako mwaka 1816 René Laennec alikuwa amebuni chombo cha kusikilizia kifua cha mgonjwa. Alifundisha katika hospitali kadhaa za Paris. Bandama la mwanamke yule lilibaki nyuma yake, naye akageukia ngozi na magonjwa ya zinaa.

Mwaka 1902 alifikia kilele cha kazi yake. Aliteuliwa kukishika kiti cha magonjwa ya ngozi na kaswende kilichoachwa na Alfred Fournier, katika hospitali ya Saint-Louis. Hospitali hiyo ilianza kujengwa mwaka 1607 kwa amri ya Mfalme Henri wa Nne, ili wagonjwa wa tauni watengwe nje ya kuta za mji. Kufikia karne ya 19 ilikuwa imegeuka makao makuu ya elimu ya magonjwa ya ngozi. Makumbusho yake yalisheheni vinyago vya nta vilivyoonyesha vidonda na vipele vya kila aina, na ndipo ulipofanyika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa madaktari wa ngozi mwaka 1889.

Kaswende ilikuwa hofu kubwa ya zama hizo, na si Ulaya peke yake. Hospitali ya Mulago mjini Kampala ilianzishwa mwaka 1913 ikiwa kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, wakati Gaucher akiwa bado katika kiti chake cha Paris. Alianzisha jarida la kitaalamu kuhusu magonjwa hayo, na aliyashuhudia mageuzi matatu makubwa akiwa profesa. Mwaka 1905 kijidudu cha kaswende kilitambuliwa nchini Ujerumani. Mwaka 1906 kikapatikana kipimo cha damu. Mwaka 1910 ikaja dawa ya Paul Ehrlich iliyotengenezwa kwa aseniki.

Hapa pana jambo la kutafakari. Fournier na madaktari wengi wa kizazi chake waliamini kwamba kaswende ni ugonjwa unaorithiwa kutoka kizazi hadi kizazi, kama rangi ya macho. Leo inajulikana kuwa mtoto huambukizwa na mama akiwa tumboni, na kwamba hakuna urithi wa damu katika jambo hilo. Gaucher alitumia sehemu kubwa ya maisha yake katika ugonjwa ambao watu waliudhania kuwa wa kurithi. Ugonjwa wa kurithi kwelikweli alikuwa ameushika mikononi akiwa na umri wa miaka 28, na hakuutambua kuwa ni wa kurithi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, alihudumu katika hospitali ya Villemin mjini Paris na akasifiwa kwa kazi yake. Hakuuona mwisho wa vita hivyo. Alifariki dunia mjini Paris mwezi Januari mwaka 1918, akiwa na umri wa miaka 63.

Ugonjwa wapata jina na maelezo

Aliyeusogeza ugonjwa huo hatua ya pili alikuwa daktari wa New York, Nathan Brill. Mwaka 1901 aliwaeleza wagonjwa watatu wa familia moja, wote wakiwa na bandama lililovimba. Saratani haiwafuati ndugu kwa mpangilio wa namna hiyo. Katika miaka iliyofuata Brill na wenzake walianza kuutaja ugonjwa huo kwa jina la Gaucher, aliyekuwa bado hai na akifundisha Paris.

Ilichukua muda kujua kilichomo ndani ya seli zile. Mwaka 1934 tasnifu nyingine ya Paris, ya mwanakemia Henri Aghion, ilionyesha kuwa ni mafuta yenye sukari yaitwayo glukoserebrosidi. Mafuta hayo ni sehemu ya ngozi ya kila seli, na seli zinapozeeka ni lazima yavunjwe. Mwaka 1955 Mbelgiji Christian de Duve aliitambulisha lisosomu, kifuko kidogo ndani ya seli ambamo uchafu wa seli husagwa. Kufikia mwaka 1965, Roscoe Brady na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walikuwa wamelipata jibu lenyewe: wagonjwa wa Gaucher wana upungufu wa kimeng'enya kimoja, kile kinachoyavunja mafuta hayo ndani ya lisosomu.

Miaka 83 ilikuwa imepita tangu tasnifu ya 1882. Haikuwa saratani, wala hapakuwa na mdudu. Ilikuwa ni kasoro katika jeni moja.

Jeni hiyo kila mtu anazo mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye jeni moja yenye kasoro haugui ugonjwa wa Gaucher. Ni mbebaji tu, na aghalabu hajijui. Wabebaji wawili wakioana, katika kila mimba upo uwezekano wa mmoja kati ya minne kwamba mtoto atapata jeni zote mbili zenye kasoro. Ndiyo sababu ugonjwa huonekana zaidi katika jamii ambazo watu wake wameoana ndani kwa ndani kwa vizazi vingi, na katika familia ambazo ndugu wa karibu huoana.

Aina zake ni tatu. Ya kwanza, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi katika nchi nyingi, haiugusi ubongo moja kwa moja. Bandama na ini huvimba, damu hupungua, chembe za kugandisha damu huwa chache hata mgonjwa akavuja damu puani na kwenye fizi, na mifupa huuma na kuvunjika. Aina ya pili huwashika watoto wachanga, huharibu ubongo, na wengi hufariki dunia kabla ya kutimiza miaka miwili au mitatu. Ya tatu nayo hugusa ubongo, ila kwa mwendo wa polepole.

Kutoka dripu hadi kidonge

Kwa miaka mingi alichoweza kufanya daktari ni kulikata bandama. Maumivu ya tumbo yalipungua na damu ikapata nafuu, lakini mafuta yaliendelea kujikusanya katika ini na mifupa, na mtu asiye na bandama hubaki katika hatari ya maambukizo makali.

Brady alifikiri kwamba ikiwa kimeng'enya kimepungua, basi na kiletwe kutoka nje. Kilitolewa katika kondo la nyuma la akina mama waliojifungua. Mwaka 1991 dawa hiyo iliidhinishwa nchini Marekani. Kumtibu mgonjwa mmoja kwa mwaka kulihitaji makondo ya nyuma yapatayo 20,000. Mwaka 1994 ikaidhinishwa dawa iliyotengenezwa maabara kwa kutumia seli zilizobadilishwa jeni, na haja ya makondo ikaisha.

Tiba hiyo ilibadili maisha. Bandama lilinywea, damu ikarudi, watoto wakakua. Lakini huingizwa mshipani kwa dripu, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili, maisha yote. Inahitaji jokofu, muuguzi na kitanda cha hospitali. Bei yake huzidi dola 100,000 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja katika nchi tajiri.

Dawa ya kumeza ilitokana na fikra tofauti. Tuchukue mfano wa pipa ambalo maji huingia kwa bomba juu na kutoka kwa tundu chini. Katika ugonjwa wa Gaucher tundu limeziba, na pipa linafurika. Dripu ya kimeng'enya hulizibua tundu. Kidonge hulipunguza bomba: huuzuia mwili usitengeneze mafuta mengi, ili hata tundu lenye kuziba nusu liweze kumudu kiasi kinachoingia.

Mwanasayansi Norman Radin wa Chuo Kikuu cha Michigan aliishikilia fikra hiyo tangu miaka ya 1970, wakati wengi hawakuitilia maanani. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, waligundua kwamba miglustat, kemikali inayofanana na sukari ambayo ilikuwa ikijaribiwa dhidi ya virusi, inaizuia kazi ya kutengeneza mafuta hayo. Matokeo ya majaribio kwa wagonjwa yalitolewa mwaka 2000. Umoja wa Ulaya uliiidhinisha mwaka 2002, na Marekani mwaka 2003. Ilikuwa dawa ya kwanza ya kumeza kwa ugonjwa wa Gaucher: kapsuli moja mara tatu kwa siku.

Haikuwa tiba ya kila mtu. Iliruhusiwa kwa watu wazima wenye aina ya kwanza, ambao ugonjwa wao si mkali sana na ambao dripu haiwafai. Wengi waliharisha, wengine walikonda au wakatetemeka mikono. Kwa aina ya tatu, majaribio hayakuonyesha kwamba inauokoa ubongo.

Dawa ya pili, eliglustat, ilitokana na kazi iliyoendelezwa Michigan, na iliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Ina nguvu zaidi na haisumbui tumbo kama ya kwanza. Lakini ina sharti lake. Kabla ya kuianza, mgonjwa lazima apimwe jinsi ini lake linavyoivunja dawa, kwa kuwa watu hutofautiana kwa maumbile. Kwa wanaoivunja haraka mno, dawa huisha mwilini kabla haijafanya kazi, nao hawapaswi kuitumia. Zipo pia dawa nyingine, na hata tunda la balungi, visivyopaswa kuchanganywa nayo.

Sharti hilo si dogo kwa Afrika Mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba asilimia 29 ya Waethiopia waliochunguzwa walikuwa na nakala za ziada za jeni inayohusika na kazi hiyo, kiwango kikubwa mno kikilinganishwa na Ulaya Kaskazini. Kidonge kilichobuniwa Michigan huenda kisimfae mtu wa Addis Ababa, au mzaliwa wa huko anayeishi Washington, hata akiwa na fedha za kukinunua.

Johannesburg na watu wake

Johannesburg ilizaliwa mwaka 1886, miaka minne baada ya tasnifu ya Gaucher, pale dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand. Dhahabu hiyo iliwavuta watu kutoka kila upande. Miongoni mwao walikuwamo Wayahudi wa Lithuania na maeneo ya jirani, waliokimbia umaskini na mateso chini ya utawala wa Urusi, wakajikusanya katika mitaa kama Doornfontein.

Pamoja na mizigo yao waliibeba jeni ambayo hakuna aliyejua kuwa ipo. Miongoni mwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki, inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 15 hivi ni mbebaji, na mtoto mmoja kati ya watoto 850 hivi huzaliwa na ugonjwa huo. Kwa watu wa dunia kwa jumla makadirio ni mtoto mmoja kati ya 40,000 hadi 60,000.

Takwimu hizo ziliufanya ugonjwa wa Gaucher uonekane kuwa ni wa jamii moja. Afrika Kusini ilisaidia kuonyesha kwamba sivyo. Mwaka 1979 wataalamu wa nchi hiyo waliandika kuhusu ugonjwa huo miongoni mwa Waafrikana, wazao wa walowezi wa Kiholanzi, Kifaransa na Kijerumani ambao Waswahili wengi huwaita Makaburu.

Mwaka 2009 wanasayansi wa Johannesburg walichapisha uchunguzi wa jeni za Waafrika weusi wenye ugonjwa wa Gaucher. Kasoro walizozikuta hazikuwa na mpangilio ule uliozoeleka kwa Wayahudi. Maana yake ni nzito. Kipimo kinachotafuta tu kasoro zinazojulikana kwa Wazungu kinaweza kumwambia mgonjwa Mwafrika kwamba hana ugonjwa, hali anao.

Maabara ambazo kazi ya namna hii hufanyikia zina historia ndefu. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Afrika Kusini ilianzishwa Johannesburg mwaka 1912 kwa ushirikiano wa serikali na wenye migodi, kwa sababu vibarua walioletwa kutoka nchi za joto walikuwa wakifa kwa homa ya mapafu. Mwaka 2001 iliingizwa katika Huduma ya Taifa ya Maabara, inayoshirikiana na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Katika miaka ya ubaguzi wa rangi hospitali za mji huo zilitenganishwa kwa rangi, na Waafrika weusi wa Soweto walitibiwa Baragwanath. Ugonjwa wa nadra humhitaji daktari mwenye muda wa kuuliza mara ya pili, na muda huo haukugawiwa kwa usawa.

Bandama la Afrika Mashariki

Katika ukanda wa Ziwa Victoria, mtoto mwenye bandama kubwa hudhaniwa kwanza kuwa na malaria ya mara kwa mara au kichocho. Huko Baringo, Kenya, na katika Sudan Kusini, hudhaniwa kuwa na kala-azar. Penye selimundu, maumivu makali ya mifupa hupewa jina hilo. Mara nyingi dhana hizo ni sahihi, na daktari anayeanza nazo anafanya linalopaswa.

Shida huanza vipimo vinapokanusha na dawa zisiposaidia. Mtoto amepewa dawa za malaria mara kumi na bandama halinywei. Amepimwa kichocho na hana. Amepimwa selimundu na hana, lakini mifupa inamuuma. Hapo ndipo tasnifu ya 1882 inapokuwa na faida kwa daktari wa leo. Gaucher hakujua mgonjwa wake alikuwa na nini, lakini hakukubali kumpa jina la ugonjwa ambao dalili zake hazikuwepo, naye aliandika hivyo.

Kipimo cha kuthibitisha hakihitaji kukatwa kwa bandama wala kuchomwa kwa mfupa. Kimeng'enya hupimwa katika damu, na siku hizi matone machache yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu yanaweza kusafirishwa hadi maabara ya nchi nyingine. Kwa hospitali ya mkoa isiyo na mashine hiyo, karatasi ndiyo njia.

Bei ya dawa bado ni ukuta. Zipo kampuni zenye mipango ya hisani inayowapa baadhi ya wagonjwa wa nchi maskini dawa ya dripu bila malipo, na miglustat sasa hutengenezwa pia na kampuni nyingine zaidi ya ile ya awali. Lakini hakuna mpango unaoweza kumfikia mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujatajwa jina.

Jeni iliyomsumbua mwanamke yule wa Paris imekuwa na sura nyingine pia. Mwaka 2009 utafiti mkubwa wa kimataifa ulithibitisha kwamba hata wabebaji wa kasoro moja wana hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka uzeeni. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kwamba wamepata, hasa kwa Wanigeria, badiliko la jeni hiyohiyo ambalo halikuwa limejulikana, nalo huongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika. Lilikuwa halijaonekana kwa sababu tafiti za awali zilikuwa zimewachunguza zaidi watu wa Ulaya.

Philippe Gaucher aliacha nyuma jarida, wanafunzi na kiti cha uprofesa ambacho wengine walikikalia baada yake. Mambo hayo yanakumbukwa na wachache. Tasnifu yake kuhusu mgonjwa mmoja, yenye jibu lililokuwa na kosa na maelezo yaliyokuwa ya kweli, ndiyo iliyobaki ikifanya kazi. Mgonjwa wa pili, wa tatu na wa elfu walipatikana kwa sababu ya maelezo hayo. Katika Afrika Mashariki huenda wengine bado wanaitwa wagonjwa wa malaria.